Saa Sita ya Felisian

Kwa miaka kumi na tisa mji wa Nachingwea ulikula chakula cha mchana kwa ruhusa ya Felisian. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga king'ora wa kiwanda cha kubangua korosho, na king'ora kile kilipolia saa sita hawakuinuka wafanyakazi wa kiwandani peke yao. Fundi cherehani aliacha nguo kwenye sindano, karani akafunga jalada, muuza dagaa akafunika dagaa wake. Wakubwa wa wilaya, ambao hawakuwa na mazoea ya kupokea amri ya mtu yeyote wa pale mjini, walinawa mikono kwa amri ya mtu aliyeishia darasa la nne. Siku moja mwaka 1988 tumbo lilimkata, akaona hapa hapana subira, akavuta mpini saa sita kasoro dakika kumi na mbili kisha akakimbilia chooni. Mji mzima ulikula mapema siku ile na hakuna aliyehoji. Felisian alikisimulia kisa hicho mpaka mvi zikamtoka, maana si watu wengi duniani ambao kuhara kwao kumefuatwa na ofisi zote za serikali.

Alikuwa mtoto wa Wamakua waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, mrefu, mkavu, mwenye shingo iliyozoea kutazama juu ilipo saa. Kazi yake ilikuwa katika kijumba kidogo juu ya ngazi ya chuma. Mle ndani mlikuwa na mpini, kigoda na saa ya ukutani. Alivuta saa moja watu waingie, saa sita wakale, saa saba warudi, saa tisa na nusu waende kwao. Kwa kuwa saa saba ilimtaka awe palepale, yeye hakushuka kula. Alikula muhogo wa kuchemsha uliokwisha kupoa, amesimama, jicho moja kwenye mshale wa dakika. Huko chini aliwaona wenzake wanatoka mbio, wanajazana kwenye mabomba ya maji na kukaa hapo muda mrefu wakisugua mikono. Felisian alidhani ni watu wapenda usafi. Baadaye wake zao waliwafikia na mabakuli yaliyofunikwa kitambaa, wakakaa wawili wawili kivulini wakila. Hapo ndipo alipokuwa akigeuza uso na kuutazama mshale wake.

Mke wake, Magreti, hakuwa Nachingwea. Alikuwa Chunyu, upande wa Ruangwa, kwenye shamba la ukoo wao. Kwa watu wa kule mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na nyumba, shamba na mikorosho vyote vilikuwa vya kina Magreti, chini ya jicho la mjomba wake, Mzee Jumanne. Felisian alifika kila mwisho wa mwezi, Jumamosi jioni, na Jumapili mchana alikuwa ameshaondoka. Ukijumlisha na likizo zote, katika miaka kumi na tisa walikuwa wamekaa pamoja miaka isiyofika mitatu. Walipendana sana. Ndoa nyingi njema za nchi hii zimeshikiliwa na umbali na ubovu wa barabara, ila mapadri hawalisemi hilo kanisani.

Pale juu ya ngazi alijiwekea hamu moja. Alitaka siku moja akae na Magreti mchana, mkeka mmoja, sahani moja, chakula cha moto, pasipo mshale wa kutazama. Hakumwambia mtu. Chunyu wanaume walikula barazani na wanawake walikula jikoni, na mwanamume ambaye angetangaza kwamba anataka kula na mke wake angeulizwa amelishwa nini.

Mwaka 1996 kiwanda kilifungwa. Felisian akapewa ile saa ya ukutani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, akasafiri nayo juu ya lori akiwa ameipakata, imefungwa blanketi. Aliitundika sebuleni Chunyu. Baada ya wiki mbili aligundua kwamba hakuna anayeitazama. Akatafuta rimu ya gari dogo, akaifunga kwenye mkorosho wa uani, akawa anaigonga kwa chuma: saa kumi na mbili kuamka, saa moja shamba, saa sita kula. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe, akaja na kengele yake.

Magreti alimvumilia. Jua na rimu havikupishana sana, na mkulima huamka alfajiri hata asipogongewa. Ilipofika saa sita alimwekea mumewe chakula barazani, akamnawisha, kisha akaenda kula jikoni na binti yao Eva. Felisian akala peke yake na mshale wake, kama zamani, tofauti ikiwa kwamba sasa amekaa. Angeweza kusema neno moja tu. Lakini mtu aliyesema na watu miaka yote kwa king'ora hana mazoea ya neno moja.

Mambo yakaenda hivyo miaka saba, mpaka mwaka 2003, alipotokea Dionisia.

Dionisia alikuwa mjane mwenye sauti ya kiume na banda la makuti nyuma ya nyumba yake. Alipatana na mfanyabiashara mmoja wa Ruangwa mjini: bwana huyo alete magunia ya korosho ghafi, wanawake wa Chunyu wazibangue, na kila Ijumaa achukue kokwa nyeupe. Sharti lilikuwa hilo la Ijumaa tu. Ubangue asubuhi, ubangue jioni, ubangue siku tatu ulale mbili, hayo yako. "Korosho haina king'ora," alisema Dionisia siku ya kwanza, na wanawake wakacheka wakimtazama Magreti.

Magreti alikuwa na miaka arobaini na miwili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuulizwa anataka kufanya kazi saa ngapi. Mama yake hakumuuliza. Palizi haikumuuliza kamwe. Sasa Jumatatu alibangua tangu alfajiri mpaka kuku wanaingia bandani, siku ya Jumanne akashinda msibani bila kuomba ruhusa ya mtu, na Jumatano moja, saa nne asubuhi, jua limewaka, Felisian alimkuta amelala kitandani.

"Unaumwa, Mama Eva?"

"Siumwi. Nimejipa likizo."

Felisian alitoka nje. Yeye kwa likizo alikuwa akijaza fomu nakala tatu, na nakala moja ilikuwa inapotea kila mwaka.

Nyumba nzima ikaambukizwa. Uji ulinywewa saa tano. Ugali ulipikwa saa kumi, na siku nyingine haukupikwa, kila mtu akajichomea muhogo wake. Eva, aliyekuwa darasa la sita na ulimi wake umekwisha kukomaa, aliambiwa aoshe vyombo akajibu kwamba ataosha kwa saa zake. Ndivyo ilivyo: uhuru ukiingia nyumbani kwa mlango mmoja, watoto huufungulia na madirisha. Magreti alikuwa akiimba njiani akirudi, amechangamka hata majirani wakasema amenenepa, jambo ambalo halikuwa kweli. Alikuwa amekonda.

Lakini lililomuumiza Felisian halikuwa vyombo wala uji. Ni kwamba sasa ikifika saa sita hakuna hata ule mkono uliokuwa ukimmiminia maji. Magreti alikuwa bandani kwa Dionisia, karibu kilomita nzima, na sauti ya rimu ndogo haikufika huko. Alikuwa amengoja mchana huo tangu akiwa kijana, na sasa alipoufikia, mke hayupo. Iliuma, na ilimuuma zaidi kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Mtu mwenye akili angetembea hiyo kilomita. Felisian alikwenda Ruangwa na baiskeli kutafuta rimu kubwa zaidi.

Aliipata nyuma ya soko, rimu ya lori lililokufa siku nyingi, akaikokota kwa siku moja na nusu huku watu wa njiani wakimpa pole wakidhani gari lake limeharibika. Aliitundika kwenye mkorosho uleule, tawi likalia. Pigo la kwanza kuku aliyeatamia aliruka na hakurudi kwenye mayai mpaka kesho yake. Kule bandani wanawake waliinua vichwa.

"Nini hicho?" aliuliza Dionisia.

"Baba Eva," alisema Magreti, akiendelea kugonga korosho. "Ananiita tukale."

"Si ale?"

"Hali. Anapiga."

Akapiga kila siku, wiki mbili nzima, na Magreti hakuja hata siku moja. Kati ya nyumba yao na banda lile palikuwa na shule ya msingi, na kengele ya shule ile, kama kengele ya kila shule ya huku, ilikuwa rimu inayoning'inia mtini. Wiki ya kwanza Mwalimu Hemedy, mwalimu mkuu, aliwaonya watoto wasibabaike na sauti za uraiani. Watoto wakazoea. Kisha siku moja ya Alhamisi akaja mkaguzi wa shule kutoka wilayani, mtu wa tai na jalada. Siku hiyo Felisian alikuwa na hasira, maana Magreti alikuwa ameondoka usiku haujaisha bila kumsemesha, na ilipofika saa sita aliigonga rimu kama anayeua nyoka. Katika darasa la sita Eva, aliyelelewa na rimu tangu ana miaka saba, alikusanya madaftari yake na kuinuka kabla hajajua anafanya nini. Jirani yake akaona mwenzake ameinuka, naye akainuka. Mlango ukajaa. Darasa la tano likaona la sita linatoka, la nne likaona la tano, na Mwalimu Hemedy, aliyekuwa ofisini akimweleza mgeni juu ya nidhamu ya wanafunzi wake, aliona dirishani nidhamu yote inakimbilia majumbani na mifuko kichwani.

Mkaguzi alikagua madawati siku ile, akasifu kwamba ni imara.

Kesho yake Felisian aliitwa mbele ya Mzee Jumanne. Mjomba alikaa kwenye kiti chake cha kamba, Mwalimu Hemedy kando yake, Magreti kwenye mkeka amefunika mikono yake kwa kanga. Mwalimu alieleza kosa kwa Kiswahili cha barua rasmi. Mzee Jumanne alisikiliza, akatema mate pembeni, akamgeukia Felisian.

"Mkwe, sisi tulikupa mke. Hatukukupa kijiji."

"Ni kweli, mjomba."

"Mimi ni mtu mzima, nimeona wakwe. Yupo aliyekunywa, yupo aliyepiga, yupo aliyeuza mbuzi wangu. Sijapata kuona anayegonga. Nieleze taratibu. Unataka nini hasa?"

Nafasi ndiyo ile. Felisian alilihisi neno limefika kooni, lina joto, linataka kutoka. Alimtazama mwalimu mwenye peni yake mfukoni, akamtazama mjomba, akaona kwamba mtu wa miaka hamsini na mitatu hawezi kusema mbele ya watu hawa kwamba anataka kula ugali na mke wake.

"Nataka utaratibu," alisema.

Magreti alicheka kidogo, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Tumbo ni langu, mjomba. Nikila saa sita, nikila saa tisa, atashiba nani?"

"Umesikia," alisema Mzee Jumanne. "Rimu ataichukua mwalimu. Na wewe, mkwe wangu, njia ya Nachingwea haijaota majani. Sikufukuzi."

Akufukuzaye hakwambii toka, na huyu alikuwa amelisogelea neno lenyewe kwa hatua moja. Felisian alilielewa. Nachingwea hapakuwa tena na kiwanda wala chumba. Ng'ambo ya Ruvuma dada zake walikuwa wamezikwa. Mahali pake duniani palikuwa uani pale, chini ya mkorosho usio wake, na kosa jingine moja lingempeleka Kilimarondo kufukuza tembo kwenye mashamba ya watu kwa malipo ya unga.

Rimu ikahamia shuleni. Basi akaadhibiwa mara mbili, maana sasa aliisikia rimu yake mwenyewe ikigongwa na walimu wa zamu, leo mapema, kesho kwa kuchelewa, kila mwalimu na saa zake. Siku ya tatu ilipolia saa sita na dakika tisa hakuvumilia. Aliingia sebuleni, akaishusha ile saa ya ukutani, akailaza kifudifudi juu ya meza. Kisha akaingia jikoni.

Jikoni aliliona jiko limejaa majivu baridi. Hakuna aliyepika tangu jana. Akajiuliza kwa mara ya kwanza, na ni aibu kusema ni mara ya kwanza: hivi huyu mwanamke mchana anakula nini?

Eva aliporudi shule alimkuta baba yake amepiga magoti anapuliza moto, machozi yanamtoka.

"Baba, kuna msiba?"

"Lete unga."

Alisonga ugali wa muhogo, nusu uji nusu madonge. Alichemsha majani ya kunde, Eva akamtwangia karanga huku akijiuma midomo asicheke. Akaweka sufuria na bakuli kwenye kapu, akafunika kwa kanga ya Magreti, akajitwisha kichwani kwa sababu mikononi palichoma. Kilomita nzima ya Chunyu ilimwona. Penye wacheza bao mchezo ulisimama.

"Felisian, umepata kazi?" aliuliza mmoja.

"Nimepata," alisema, akapita.

Bandani moshi ulichoma macho. Wanawake saba walikaa duara, kila mmoja na jiwe lake, kipande cha chuma na rundo la korosho zilizokaangwa. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na ili yasiwale mikono wanawake walikuwa wamejipaka majivu mpaka viwiko, yakachanganyika na mafuta yakawa kama lami. Felisian alisimama na kapu lake kichwani. Dionisia mwenyewe alikosa neno, jambo ambalo halijatokea tena.

"Nimekuletea chakula, Mama Eva. Nawa."

Magreti aliinua mikono yake miwili. "Ninawe nini, Baba Eva? Hii haitoki kwa maji. Ni sabuni, ni mchanga, ni nusu saa nzima. Halafu nijipake majivu upya nianze tena. Na nikila haijatoka vizuri, midomo inavimba. Mchana huku hatuli."

"Hamli kabisa?"

"Tutakula jioni."

"Shemeji," alisema Dionisia, sauti imemrudia, "wewe si mtu wa kiwandani? Miaka yote ile hukujua watu wa korosho wananawaje?"

Felisian aliliona lile bomba la maji la Nachingwea. Aliwaona wenzake wanatoka mbio saa sita, wanajazana, wanasugua, wanasugua, na yeye juu ya ngazi anasema moyoni, watu hawa wanapenda usafi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewapa saa moja ya kula, nao nusu yake waliimaliza bombani, na hakuna siku aliyoshuka kuwauliza. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Rimu haiulizi," alisema Magreti. "Ungekuja ukaniuliza, ningekwambia. Kila siku nilikuwa nangoja uje."

Alishusha kapu. Akaketi chini kwenye maganda, miguu mirefu imekunjika vibaya, akamimina maji kidogo kwenye mikono yake mwenyewe. Wanawake sita waliacha kugonga. Akamega tonge, akalichovya kwenye kunde, akalipeleka mbele ya uso wa mke wake.

"Nilitaka tule pamoja," alisema. "Tangu kule. Ni hilo tu, sikuwa na jingine."

"Mbele ya watu, Baba Eva?"

"Waangalie huko."

Hawakuangalia huko hata mmoja. Magreti aliyatazama macho ya mumewe, mekundu kwa moshi wa jikoni, kisha akaangalia lile tonge lenye madonge. Alifungua mdomo. Alitafuna polepole, mikono yake myeusi ameiinua pembeni isimguse, na banda zima likangoja.

"Hujatia chumvi," alisema.

Kisha akafungua mdomo tena.